Jumla inaficha mtu: kutoka Katesh hadi kwenye roboti

Najua nimepotea kidogo, lakini si mnajua kipindi hiki ni cha asaimenti, na nusu ya asaimenti zenyewe ni za makundi. Mkisikia kundi mnajua maana yake: watu wanane kwenye karatasi ya mbele, watatu wamekesha, wawili wametoa hela ya kuchapa, na waliobaki majina yao yamefika yenyewe. Alama inarudi moja na wote tunapewa ile ile. Kulalamika tumeshalalamika vya kutosha pale kwenye vimbweta, kwa hiyo leo nawaletea historia badala ya malalamiko. Ina hesabu kidogo ndani yake, lakini msikimbie, ni za kujumlisha na kutoa tu.

Swali lenyewe ni hili: kama unachokiona ni jumla ya kundi tu, unaweza kujua kila mtu alichangia kiasi gani?

Mimi ni mtu wa Hanang, kwa hiyo naanza na kitu tunachokijua kwetu, mbio. Gidamis Shahanga ni wa Katesh. Mwaka 1978 alichukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, na mwaka 1982 akachukua dhahabu ya mita 10,000 kwenye michezo hiyo hiyo ilipofanyika Brisbane, Australia. Hizo mnazijua. Ambayo watu hawaisimulii sana ni marathoni ya huko huko Brisbane. Shahanga na Juma Ikangaa waliondoka pamoja wakaacha wenzao mbali kabisa, Watanzania wawili mbele, barabara nyeupe. Baadaye Shahanga akachoka na kurudi nyuma. Ikangaa akabaki kupambana na mwenyeji, Robert de Castella, aliyekuja kumkamata mwishoni. De Castella alimaliza kwa saa 2:09:18, Ikangaa kwa 2:09:30, sekunde 12 tu nyuma yake. Shahanga alimaliza nje ya medali.

Karatasi ya matokeo inasema Ikangaa fedha, Shahanga hakuna. Lakini kwenye ile 2:09:30 ya Ikangaa, je, hakuna dakika za Shahanga humo ndani? Mtu akikuwekea kasi kilomita nyingi, ukakimbia naye bega kwa bega, sehemu ya muda wako ni wake. Kiasi gani? Kwa mbio moja ile huwezi kujua, hata ungekuwa profesa wa takwimu.

Kuna mfano mwingine wa karibu. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, wakati Karatu bado iko ndani ya wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. Wa pili alikuwa John Walker wa New Zealand kwa 3:32.52. Angalieni hapo: rekodi ya zamani ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, tangu mwaka 1967. Yaani Walker naye aliivunja rekodi ya zamani huku akishindwa! Alivutwa. Muda ule umeandikwa kwa jina la Walker, lakini miguu iliyoweka kasi ilikuwa ya kijana wa kwetu.

Sasa linganisheni na mbio za nyika. Kule timu inapata pointi kwa kujumlisha nafasi za wakimbiaji wake wa kwanza, na yenye jumla ndogo inashinda. Ni kazi ya timu, lakini kila mtu ana namba yake kifuani na nafasi yake kwenye orodha. Ukitaka kujua nani alibeba timu, unasoma tu. Tatizo langu la leo ni pale ambapo orodha hiyo haipo, pale inapobaki jumla peke yake.

Twende shambani basi. Ukienda Bashay, Mbulu, utakuta vitunguu swaumu. Tuseme vijana watatu wanang'oa vitunguu, tuwaite Safari, Bura na Paskalina. Kila siku wanaingia wawili wawili, na mwenye shamba anahesabu magunia jioni tu, hajui nani kajaza lipi. Siku ya kwanza Safari na Bura wanapata magunia 10. Siku ya pili Safari na Paskalina wanapata 8. Siku ya tatu Bura na Paskalina wanapata 6. Hakuna siku hata moja mtu amefanya kazi peke yake. Lakini jumlisheni zote: 24. Kila mtu ameingia mara mbili, kwa hiyo wote watatu kwa pamoja ni 12 kwa siku. Toa 10 ya Safari na Bura, Paskalina ni 2. Toa 8, Bura ni 4. Toa 6, Safari ni 6. Kila mtu amejulikana, na mwenye shamba hakuhitaji kumsimamia mtu yeyote.

Sasa badilisheni kitu kimoja tu. Tuseme Safari na Bura ni marafiki wa damu, kila siku wanaingia pamoja. Magunia 10, 10, 10, mwezi mzima. Utajua nini? Inawezekana ni 5 na 5. Inawezekana ni 9 na 1. Hata ukipewa kompyuta kubwa kuliko zote duniani, haitakwambia. Naomba mlishike hili maana ndilo neno langu la leo: anayefichua mchango wa mtu si ujanja wa kanuni, ni kuchanganya watu. Kama makundi hayabadiliki, siri inabaki siri.

Lakini maisha hayana hesabu safi namna hiyo. Tuseme siku ya nne Safari na Bura wanarudi tena, safari hii wanapata 12, maana mvua ilinyesha usiku na udongo umelainika. Sasa milinganyo inagombana: Safari na Bura ni 10 au ni 12? Hakuna jibu linaloridhisha siku zote nne. Hapo ndipo historia inapoingia.

Tarehe 1 Januari 1801, padri mmoja wa Palermo kule Sisilia, Giuseppe Piazzi, aliona kitu kipya angani akakiita Ceres. Alikifuatilia kwa wiki chache, kisha kikapotelea kwenye mwanga wa jua. Vipimo vilikuwa vichache na kila kimoja kina kosa lake dogo. Mjerumani Carl Friedrich Gauss, umri miaka 24 tu (yaani rika letu, jamani, na sisi tunahangaika na alama za makundi), akapiga hesabu ya njia yake, na mwisho wa mwaka ule ule Ceres ikaonekana tena karibu na pale alipoelekeza. Mwaka 1805 Mfaransa Adrien-Marie Legendre akachapisha njia ya kushughulika na vipimo vinavyogombana. Mwaka 1809 Gauss naye akachapisha ya kwake na kudai alikuwa akiitumia tangu 1795. Ukatokea ugomvi wa nani wa kwanza. Yaani hata wavumbuzi wa njia hii waligombania mchango wa nani ni upi, teh!

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Kubali kwamba hakuna jibu litakalofuata kila kipimo. Chagua majibu, kisha kwa kila siku angalia umekosea kwa kiasi gani, zidisha kosa hilo kwa lenyewe, jumlisha makosa yote. Majibu bora ni yale yanayofanya jumla hiyo iwe ndogo kabisa. Kwa vijana wetu wa Bashay, inatoka kwamba Safari na Bura wachukuliwe kama 11, yaani wastani wa 10 na 12, na majibu yanakuwa Safari 6.5, Bura 4.5, Paskalina 1.5. Kwa mfano mdogo huu unaweza kumaliza kwenye karatasi. Kwa watu 40 unahitaji kompyuta, lakini wazo ni lile lile.

Wazo hilo halikubaki angani. Mwaka 1935 Mwingereza Frank Yates, aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alionyesha jambo ambalo hata mfanyabiashara wa mnadani Katesh angelipenda: ukiwa na vitu vingi vidogo vya kupima na mzani unaotikisika, usipime kimoja kimoja. Vipime kwa makundi yaliyochanganywa vizuri, kisha toa hesabu. Kila kitu kinapata uzito sahihi zaidi kuliko kama ungekipima peke yake, kwa sababu kimeshiriki kwenye vipimo vingi. Mwaka 1944 Mmarekani Harold Hotelling akaliendeleza. Yaani kundi likipangwa vizuri halimfichi mtu, linamwonyesha kuliko angekuwa peke yake. Mimi hilo lilinishangaza sana nilipolisoma.

Haya, sasa roboti. Kuna mashindano ya sekondari yanaitwa FIRST, yaliyoanzishwa Marekani na mvumbuzi Dean Kamen. Shirika lilianza 1989, mashindano ya kwanza yakafanyika 1992 kule New Hampshire yakiwa na timu 28. Vijana wanaunda roboti, wanaipeleka uwanjani kurusha mipira, kubeba vitu, kupanda ngazi, kutegemea mchezo wa mwaka huo. Tangu mwaka 2005 kila mechi ni timu tatu dhidi ya tatu, nyekundu na bluu. Ubao unaonyesha jumla ya upande mzima. Roboti yako inaweza kuwa imezima katikati ya uwanja na ubao ukasoma ushindi. Au umefunga karibu pointi zote na bado mmeshindwa kwa sababu wenzako wawili waligongana. Ni asaimenti ya kundi yenye magurudumu.

Na kuna kitu kikubwa cha kugombania. Baada ya mechi za awali, timu za juu zinachagua wenzao wa kwenda nao kwenye mtoano. Ukimchagua mtu kwa kuangalia ushindi wake tu, unaweza kuwa umemchagua aliyebebwa. Ukimwacha aliye chini, unaweza kuwa umeacha roboti nzuri iliyopewa wenzi wabovu.

Mwaka 2004 Karthik Kanagasabapathy wa timu namba 1114 kutoka Ontario, Kanada, alielezea hesabu ya kukadiria mchango wa kila timu kutokana na jumla. Mwaka 2006 Scott Weingart wa timu namba 293 akaieleza hadharani hatua kwa hatua, na jina lililoshika ni OPR, makadirio ya nguvu ya kushambulia. Ndani yake ni vitunguu vya Bashay vitupu. Chukueni mashindano ya timu 40 na mechi 80. Kila mechi inatoa jumla mbili, nyekundu na bluu, kwa hiyo mnapata milinganyo 160 yenye namba 40 za kutafuta. Kila timu imecheza mara 12, na wenzi wanapangwa upya kila mechi. Kwa kuwa wenzi wanabadilika, hesabu inakubali. Kama waandaaji wangewaacha watatu wale wale wacheze pamoja mashindano mazima, OPR isingekuwepo.

Mwaka ule ule wa 2004, bila kuhusiana na roboti, mchumi Dan Rosenbaum alichapisha hesabu ya namna hiyo kwa mpira wa kikapu wa NBA: angalia timu inavyofanya wachezaji fulani wakiwa uwanjani, na kwa kuwa kocha anawabadilisha kila mara, kadiria mchango wa kila mmoja. Mabadiliko ya kocha ndiyo yanayompa mtaalamu mwanga.

Ila msije mkaiabudu. Hesabu hii inaamini kwamba michango inajumlishwa tu kama magunia. Roboti inayozuia wapinzani haifungi, kwa hiyo OPR haiioni vizuri. Roboti mbili zinazogombania mipira ile ile, zikiwekwa pamoja, hazifikii jumla ya uwezo wao. Na mechi 12 ni chache, bahati mbaya mbili tatu zinatosha kumshusha mtu. Kwa upande wa kwetu, kumbukeni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico, 1968, alianguka akaumia goti, akamaliza marathoni akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Kwa mlinganyo wowote wa medali mchango wake ni sifuri. Waulizeni wazee wa Mbulu kama ni sifuri.

Kwa nini nimeyabeba haya yote? Kwa sababu sisi ni walimu watarajiwa, na kesho kutwa sisi ndio tutakaogawa alama za makundi. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa sekondari moja ya Hanang, Kidato cha Pili, hisabati, wanafunzi 48. Nilikuta makundi manane ya watu sita sita, yamepangwa kwa madawati, hayabadiliki. Nikaamua kuyachanganya upya kila wiki, kila kundi likifanya swali moja gumu, nami naandika alama ya kundi kwenye daftari. Wiki sita zikanipa jumla 48 kwa wanafunzi 48. Kwa anayefuatilia hesabu, hiyo haitoshi kwa njia ya Gauss, kila kosa dogo lingeingia moja kwa moja kwenye jina la mtoto. Kwa hiyo nilifanya kitu rahisi zaidi: kwa kila mwanafunzi nikachukua wastani wa makundi aliyopitia. Nilitaka tochi tu, mzani nilijua sina.

Tochi ilimulika binti mmoja wa dawati la nyuma. Kwenye majaribio ya mtu mmoja mmoja alikuwa wa katikati, mkono hanyoshi. Lakini karibu kila kundi alilokaa lilifanya vizuri. Namba haikusema kwa nini. Wiki ya saba nikaenda kusimama karibu na kundi lake, kimya. Alikuwa analisoma swali la Kiingereza, analigeuza kwa Kibarbaig kwa wawili, kwa Kiiraqw kwa wengine, kisha anauliza, "Sasa wanataka nini hapa?" Basi. Wenzake wakishaelewa wanataka nini, hesabu wanaifanya wenyewe. Jibu hakuliandika yeye, na kwenye karatasi hakuna mahali pa kuandika kazi aliyoifanya. Kuanzia hapo nilitoa dakika tano kila kipindi makundi yajadili swali kwa lugha wanayotaka kabla ya kushika kalamu.

Upande wa chini ulimulikwa kijana mmoja. Ningekuwa na haraka ningesema huyu ni mzigo, anashusha kila kundi. Nikafungua daftari la mahudhurio: siku nyingi za mnada alikuwa na ng'ombe. Makundi yake yalikuwa yanafanya kazi ya watu sita kwa watu watano. Namba ilisema kweli kuhusu kundi na ingesema uongo kuhusu mtoto.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na kwa wenzangu wa ualimu nauweka mbele yenu. Tusipoteze muda kutafuta fomu za kusemeana nani kafanya nini, maana kila mtu atajipa kumi. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kupanga. Changanya makundi kila kazi, weka kumbukumbu, na muda utakwambia wa kumwangalia. Kisha nenda ukamwangalie kwa macho yako kabla hujatoa alama wala lawama. Na hapa chuoni kwetu, wale wanaotembea pamoja kundi lile lile tangu mwaka wa kwanza hadi wa tatu, sasa mnajua kwa nini hakuna mhadhiri atakayewajua, awe mchapakazi wala mdandiaji.

Nawaachia hesabu ya kwenda nayo hosteli. Wanafunzi wanne, kila mara wanakaa watatu. Asha, Bura na Chausiku wanapata 12. Asha, Bura na Daudi wanapata 11. Asha, Chausiku na Daudi wanapata 9. Bura, Chausiku na Daudi wanapata 10. Nani alichangia ngapi? Fanyeni kila mtu peke yake, tafadhali, msilete jibu la kundi.